Chupa Tano za Tumaini

Zahanati ya Mkombozi,
Njia ya Rungwa.
11 Januari 1975

Kaka Anselm,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na mwanao Hana anakusalimu kwa kuninyang'anya kalamu; hilo doa la wino pembeni ni lake. Sote tu wazima mpaka leo asubuhi. Nasema mpaka leo asubuhi kwa sababu kijijini kuna surua.

Imeingia na lori la mwisho la Operesheni ya kuhamisha watu, lile lililoshusha watu wa mabondeni siku mbili kabla ya Krismasi. Mtoto mmoja alishuka macho mekundu, makamasi yanamtoka, nami nikasema ni vumbi la safari. Kaka, nimesomea uganga miaka mitatu nikasema ni vumbi. Leo nina watoto kumi na wanane wenye vipele, wote wa mstari wa kwanza na wa pili wa nyumba. Wawili tumeshawazika.

Wewe hujakiona kijiji tangu tuhamishiwe hapa barabarani. Nyumba zimepangwa mistari sita, kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mlango hadi mlango ni hatua ishirini. Unakumbuka kule kwetu, kutoka kwa marehemu Baba mpaka kwa jirani wa kwanza ulikuwa unatembea hadi kiu inakushika? Surua ya kule ilikuwa inachoka njiani. Ya hapa haina pa kuchokea. Kisima ni kimoja, na foleni ya unga wa njano wa msaada ni moja, mama na mtoto mgongoni, mama na mtoto mgongoni, tangu jua linachomoza.

Kuondoka hakuna. Mgambo wamekaa pande zote mbili za barabara. Anayekutwa anarudi kwenye mahame yake anarudishwa, na paa la kule linachomwa ili asiwe na pa kurudia tena. Nilimwomba mwenyekiti wetu, Mzee Mselemu, awaache wenye watoto wadogo watawanyike mwezi mmoja tu. Akanitazama kwa huruma.

"Binti yangu," akasema, "watu hawa nimewahamisha kwa taabu. Nikiwafungulia mlango kwa ajili ya vipele, nani atarudi? Na Katibu wa Chama akija, nimjibu nini?"

Si mtu mbaya. Naye kafungwa kamba kama sisi, ila yake ni ndefu kidogo.

Watoto walio chini ya miaka mitano hapa ni 238. Chanjo sina hata dozi moja. Friji la zahanati linafanya kazi, na mafuta yake ya taa yanatosha wiki tatu. Nimeandika barua ya kiofisi wilayani, lakini wewe ni karani wa bohari ya dawa, unajua barua za kiofisi zinavyolala. Isukume, kaka. Isukume kwa mabega.

Mdogo wako,
Kristina


Mwankoko, Singida.
22 Januari 1975

Mdogo wangu Kristina,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa dereva nikaisoma nimesimama. Wa bohari wakaniuliza kama nimefiwa.

Hali ya huku usiulize. Surua imezagaa, na dozi tulizopewa hazitoshi hata tarafa moja. Wakubwa walikaa kutwa nzima wakibishana nani atangulie: mjini penye watu wengi, au vijiji vipya vyenye watu waliobanana. Mimi nilikuwa naandika tu. Mwishowe wakakubaliana vijiji vipya. Kwa njia yenu ya Rungwa wakataja viwili, Mkombozi kwako na Tumaini kwa Chrispin, yule mliyesoma naye.

Kasha lako linaondoka kesho. Utakuta chupa kumi, kila chupa watoto kumi, na maji ya kuchanganyia pembeni. Barafu nimeipanga kwa mikono yangu. Karatasi ya kupokelea imeandikwa haraka haraka, isikusumbue. Tia sahihi, mrudishie dereva.

Sasa nakuomba neno moja, kama kaka. Kabla ya mikutano, kabla ya hotuba ya mwenyekiti, dozi ya kwanza kabisa mchome Hana. Mama yake alinifia mikononi siku aliyomzaa, nami nikamwachia Mama mtoto wa wiki tatu kwa sababu kazi haikunipa nafasi. Najua ninavyohukumiwa kwa hilo. Sina kingine duniani. Marehemu Baba alikuwa akisema anayerina asali akilamba kidole haitwi mwizi. Nawe utalamba kidole kimoja tu, na ni cha mtoto wa miaka miwili.

Niandikie upesi kwamba umemchoma.

Kaka yako,
Anselm


Mkombozi.
30 Januari 1975

Kaka Anselm,

Shikamoo, na ahsante. Kasha limefika barafu ikiwa bado inagonganagongana ndani.

Kwanza la karatasi, maana linanikera. Nilihesabu chupa mara mbili, ni kumi. Karatasi inasema tano. Dereva alikuwa ameshawasha lori, mawingu yamefunga, anaogopa mto usijae mbele yake. Nikajiambia kuna karani kakosea na kosa lake ni baraka kwetu. Nikatia sahihi chini ya tano. Nakuambia wewe peke yako.

Mkutano ulikuwa jana asubuhi. Mzee Mselemu alikuja na orodha tayari: kwanza wajumbe wa kamati, halafu walioitikia wito wa kuhamia kwa hiari, halafu waliokuja kwa malori. Hakuipanga kwa ubaya. Aliipanga jinsi kila kitu kinavyopangwa hapa, hata majembe. Akasimama mzee mmoja wa mstari wa kwanza, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, ninyi mlitubeba kama magunia. Leo mnatuambia tumechelewa kuja?"

Watu wakaguna. Nikaona nisiposema mimi, watapigana. Nikasimama juu ya kiti cha zahanati, nikawaambia dozi ni mia moja na hazitafika kwa wote. Nikawaambia surua inaua zaidi wa miezi tisa mpaka miaka mitatu. Hao kijijini ni 131. Halafu nikasema lililo gumu: sindano hii haimsaidii mtoto ambaye ugonjwa umeshamwingia. Zikipita siku tatu tangu alale na mgonjwa au acheze naye, ni kama kufunga zizi ng'ombe wameshatoka. Mstari wa kwanza na wa pili wameshaishi na surua mwezi mzima. Dozi ziende mstari wa tatu hadi wa sita, ambako moto haujafika.

Yule mzee wa kofia akaniuliza, "Kwa hiyo sisi ambao watoto wetu wanakufa ndio hatupewi?"

Nikasema, "Ndiyo, babu."

Sijawahi kusema neno fupi lililonichukua muda mrefu namna ile. Aliniangalia, akavaa kofia yake, akaketi. Nadhani alinielewa. Ningependa angenitukana.

Wa mstari wa tatu hadi wa sita walikuwa 93. Zikabaki dozi saba, na chupa ikishafunguliwa hailali. Mwenyekiti akataka zipewe wajukuu zake. Mkubwa ana miaka saba na alishaugua surua zamani. Nilikataa mbele ya watu. Nikawapa watoto saba wa miaka minne wa mstari wa sita, wale mbavu zao zinahesabika. Tulimaliza saa kumi jioni. Sindano nilizichemsha mpaka mkaa ukaisha.

Hana hajambo, leo amekula uji bakuli zima. Mama amenikasirikia kidogo, ni mambo ya nyumbani, yatapita.

Mdogo wako,
Kristina


Mwankoko, Singida.
12 Februari 1975

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeandika kurasa mbili za mstari wa tatu na wa sita, na jina la mwanangu umelitaja mara moja tu! Lakini nimesoma kwamba hajambo na amekula bakuli zima, nikaelewa ulifanya nilivyokuomba na huwezi kuliandika waziwazi. Jumapili nilipiga magoti kanisani mpaka shemasi akanigusa bega.

La karatasi usilizungumze tena. Chrispin akikuandikia kuuliza ulipata ngapi, mjibu ulipata za kutosha. Tumaini nasikia si kuzuri. Sijui zaidi ya hapo.

Mvua zikipungua nitakuja. Nimemnunulia Hana kigauni cha manjano. Kinaweza kuwa kikubwa, nilikadiria kwa mkono.

Kaka yako,
Anselm


Mkombozi.
20 Februari 1975

Kaka Anselm,

Shikamoo. Keti kabla hujaendelea kusoma.

Hana sikumchoma.

Mama anakaa mstari wa kwanza. Nilikuandikia zamani nikadhani unakumbuka, nami nikajificha nyuma ya kukumbuka kwako. Mtoto wa jirani, Petro, alitoka vipele tarehe 22 Januari, na siku zote kabla ya hapo walikuwa wanalala mchana mkeka mmoja na Hana. Siku ya kuchoma, zilikuwa zimepita siku saba. Kwa kanuni niliyoitamka mwenyewe juu ya kiti, hakuwa na zamu. Zilipobaki zile saba, Mama alimleta, akamsimamisha mbele yangu, akamvua gauni bega moja. Ningeweza kumchoma, kaka. Isingemsaidia, ila Mama angepata usingizi, na wewe pia, na mimi. Nilimwona nyuma yake mtoto wa mstari wa sita ambaye ingemsaidia. Nikamwambia Mama, "Mrudishe nyumbani."

Jioni ile Mama aliniambia, "Unagawia kijiji maji ya kisima, na wa kwenu anakufa kiu." Tangu hapo ananisalimia kama mtu wa serikali.

Nilipokuandikia kwamba Hana hajambo, hakuwa na jambo kweli. Kesho yake homa ikapanda. Tarehe tatu vipele. Siku kumi nilikuwa nalala mlangoni kwa Mama, hanikaribishi ndani wala hanifukuzi. Hana amepona. Anatembea akishika ukuta. Lakini surua imemkuta na njaa hii ya mwaka huu, na jicho la kushoto limefunikwa na ukungu mweupe. La kulia linaona. La kushoto halitaona tena. Nimeandika mara moja, sitaweza kuandika mara ya pili.

Ulinielewa vibaya katika barua yako, nami nilipoisoma nilijua umenielewa vibaya, nikaacha siku kadhaa zipite. Hilo ndilo kosa langu kwako. La sindano sijui kama ni kosa. Kila asubuhi nalipima upya.

Mengine ni haya. Katika wale mia moja, watatu wameugua kidogo, hakuna aliyekufa. Nje ya wale mia, tumezika kumi na mmoja. Nilipoona wa miaka minne na mitano wa mistari ya juu, wa tatu hadi wa sita, wamebaki hivi hivi, nilipita nyumba kwa nyumba nikawaambia mama zao warudi mahameni, wajenge kibanda hata cha majani, wasikutane na mtu mwezi mzima. Waliondoka saa ile mgambo wanapokwenda kupanga foleni ya unga. Familia ishirini na moja. Kule hakuna aliyeugua. Mzee Mselemu amegundua na ameandika jina langu kwa Katibu. Alikuja mwenyewe kuniambia. "Sikuwa na namna, binti yangu," akasema. Nikamwamini.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hata hivyo.

Kristina


Mwankoko, Singida.
3 Machi 1975

Kristina,

Nimekaa na barua yako siku nne. Nimeandika nyingine tatu nikazichana.

Nilimshukuru Mungu kwa uongo wako. Nilipiga magoti, watu wananiangalia, nashukuru kwa sindano ambayo haikuchomwa. Wewe ni shangazi yake! Kanuni yako uliitunga mwenyewe juu ya kiti. Kilichokuzuia kuipinda inchi moja ni nini? Ungesema tu samahani, huyu ni wa kaka yangu. Hakuna mtu kijiji kizima ambaye asingekuelewa.

Sasa nami nikuambie, kwa kuwa sina tena cha kuokoa.

Karani hakukosea karatasi. Karani ni mimi. Wakubwa waliwapangia ninyi chupa tano na Tumaini chupa tano. Zote kumi nilizitia kwenye kasha lako. Kwenye kasha la Tumaini nikatia chupa tano za mwezi wa Novemba, zile zilizoshinda kwenye joto siku sita friji la bohari lilipokosa mafuta. Zilikuwa kwenye rafu zinangoja kutupwa. Nilijiambia huenda zimebakiwa na nguvu kidogo. Nilijiambia hivyo mchana kutwa, hadi nikaanza kuamini.

Utauliza kwa nini chupa tano zote kwa ajili ya mtoto mmoja. Kwa sababu nakujua. Nilijua ukipewa chache utamruka wa kwenu. Nikasema nikikupa nyingi, zamu itamfikia Hana hata kwa kanuni zako. Nami sikujua kwamba siku zile zile alikuwa mkeka mmoja na Petro.

Chrispin aliwachoma watoto hamsini kwa dawa iliyokufa. Mama zao wakatulia, wakawaacha wacheze pamoja, maana wamechanjwa. Tumaini wamekufa kumi na tisa. Kumi na mmoja kati yao walikuwa na alama ya sindano begani. Wakubwa wameona ni uzembe: wanasema Chrispin aliliacha kasha juani. Wamemleta hapa Singida, yuko mahabusu wiki ya pili. Naipita polisi kila siku nikienda kazini. Nimebadilisha njia.

Nisikilize. Yeye atakemewa, atahamishwa, basi. Mimi ni jela. Mtoto ameshapoteza jicho, umpokonye na baba? Kitu pekee kinachoweza kunishika ni tofauti kati ya karatasi ile na chupa ulizopokea, na anayejua chupa ulizopokea ni wewe. Sahihi chini ya tano ni yako, uliitia ukijua. Tumo humu wote wawili. Nyamaza, Kristina. Kila kitu kingine nitakusamehe.

Anselm


Mkombozi.
12 Machi 1975

Kaka yangu Anselm,

Shikamoo. Bado wewe ni kaka yangu, ndiyo maana naanza kwa shikamoo.

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, na mbele yangu walikuwa watoto wa mstari wa nne wanacheza kombolela. Niliwahesabu bila kutaka. Nilikuwa najivunia wale watoto. Juu ya kila kitu kibaya cha miezi hii, nilikuwa nasema: angalau niligawa kwa haki. Kumbe nilikuwa nagawa kwa haki mali ya wizi. Kila sindano iliyozidi hamsini niliyochoma hapa ina mtoto wake Tumaini, na Chrispin alimshika mkono mtoto yule akamwambia, usilie, utapona.

Sikuweza kumdanganya Mama kwa sindano siku ile, ambapo angedhurika mtoto mmoja tu wa mstari wa sita. Nitaweza vipi leo?

Barua hii inasafiri katika mfuko mmoja na nyingine niliyomwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa. Humo nimeandika mambo mawili tu: kwamba nilipokea chupa kumi, na kwamba nilitia sahihi chini ya tano nikijua si kweli. Jina lako sikulitaja wala barua zako sikuziambatanisha. Hawatahitaji. Wataangalia nani alifunga kasha.

Dereva anasema atafika Ijumaa, na barua yako atakuletea nyumbani kwanza. Ya Mkuu itafunguliwa Jumatatu. Una Jumamosi na Jumapili, kaka. Nenda mwenyewe. Naomba Jumatatu wakute barua yangu haina tena kazi.

Hana nitamlea. Mama hajui bado habari zako; nitamwambia leo, nikimaliza kuandika. Nimechelewesha kumaliza.

Kristina


Tumaini,
Njia ya Rungwa.
28 Aprili 1975

Ndugu Kristina,

Salaam. Nilitoka mahabusu tarehe 2 Aprili, nimerudishwa kazini. Ilinichukua wiki hizi zote kuamua kama nikuandikie.

Kaka yako alikuja kituoni Jumamosi tarehe 15 Machi, saa tatu asubuhi, peke yake, amevaa tai. Nilikuwa nafagia uwanja, nikamsikia akiandikisha maelezo. Alisema yote, hakuruka kitu. Alipopita karibu nami hakunitazama, na mimi sikujua ningemtazama kwa uso gani. Amepewa miaka mitatu. Nadhani umeshaambiwa.

Sitakuandikia ahsante. Ulisema ukweli, na kabla ya hapo ulitia sahihi. Vyote viwili vimenipata mimi.

Watu wa hapa wamenipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, ila akina mama hawaleti tena watoto kuchomwa sindano ya namna yoyote. Wanawaficha. Chanjo nyingine imekuja, halali, mbichi, na imekaa kwenye friji. Niliitisha mkutano, nikaeleza chupa zetu tano zilikwenda wapi. Halafu akasimama Mwanvua binti Hussein, ambaye amezika mapacha. Akauliza, "Hao waliochomwa za kwetu, wazima?"

Nikasema nasikia wazima.

Akasema, "Umesikia. Mimi nataka kuona. Aje hata mmoja, nimwone anatembea. Sitamtukana mtu. Nikimwona, huyu aliyebaki nitamleta achomwe."

Na wengine wakasema watafanya atakavyofanya Mwanvua. Ndilo lililonifanya niandike. Kama unaweza kuja na mama mmoja na mtoto mmoja, njoo.

Chrispin


Mkombozi.
9 Mei 1975

Ndugu Chrispin,

Salaam. Yote uliyoniandikia ni haki yangu, nimeyapokea.

Mimi siwezi kuja. Kwa sahihi ile na kwa zile familia nilizorudisha mahameni, nimekatazwa kutoka kijijini mpaka uchunguzi uishe. Kazi nimeambiwa niendelee nayo, maana hakuna mwingine wa kuishika. Nilimwomba ruhusa Mzee Mselemu ya siku tatu tu. Akasema kwangu hawezi, amri si yake. Lakini wanawake watakaopenda, atawaandikia kibali.

Nilipita nyumba zote za wale mia. Niliwaambia waziwazi dozi zilitoka wapi na nani anawangoja. Wengi walifunga mlango, nao siwalaumu. Ni vigumu kumbeba mwanao mzima umpeleke akatazamwe na aliyefiwa. Mmoja aliniuliza, "Wakimlaani je?"

Wanne wamekubali. Kuluthumu wa mstari wa tatu ndiye aliyekubali wa kwanza, na ndiye aliyewaambia wenzake watatu wabebe na unga, wasiende kwa wafiwa mikono mitupu.

Mama yangu, ambaye tangu Januari hasemi nami zaidi ya salamu, alikuja zahanati jana akaniuliza wanaondoka lini. Nikamwambia. Leo alfajiri nimemkuta kiwanjani amefunga kanga kiunoni, Hana yuko mgongoni. Nikamwambia, "Mama, Hana hakuchomwa. Si katika wale."

"Najua," akasema. "Hao wengine wanakwenda kuonyesha waliopata. Na wao waone kwetu pia kuna waliokosa."

Wametoka watano, na watoto watano. Ni mwendo wa siku moja na nusu. Barua hii inatangulia kwa baiskeli; wapokee kesho mchana. Hana jicho la kushoto halioni, akisimama na mtu upande huo hushtuka. Mwambie Mwanvua amjie kwa upande wa kulia.

Kristina Alute